Ule Ukimya Katika Albamu Yake

Kabla ya kueleza kuzaliwa kwake, familia inasahihisha jambo moja. Marehemu hakuwa mlevi. Tangu albamu ya maonyesho yake ya zamani itoke mwezi Juni, watu wamesikia gilasi ikigonga kipaza sauti, kiti kikilia, wimbo ukikatika katikati, kisha sauti ya mwanamke ukumbini ikisema, "Nipo. Endelea." Wakajumlisha. Wengine wamejumlisha hadi kwenye foleni ya hospitali, mkewe akiwa amesimama nyuma yao. Gilasi ilikuwa ya maji. Mwanamke ni mkewe wa ndoa. Na kilichokata wimbo ni woga, ambao marehemu aliuficha miaka yote na ungebaki umefichika kama midomo ya watu ingekuwa na pazia.

Alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, mtoto wa tatu wa fundi cherehani na mkunga. Dada yake mkubwa husimulia kwamba alipokuwa mdogo hakukubali kulala mpaka mlango uachwe wazi kidogo, aone mwanga wa taa ya baba na kusikia cherehani ikienda. Mkono wake wa kulia uliufuata mdundo wa cherehani ile maisha yake yote, hata alipokuwa akipiga gitaa.

Alimaliza sekondari akiwa na alama nzuri za hisabati, jambo ambalo magazeti hayajaliandika hata mara moja, kisha akasomea upangaji wa herufi katika chuo cha ufundi. Mwaka 1972 aliajiriwa katika kiwanda cha uchapaji. Mchana alipanga herufi za madini ya risasi. Jioni aliimba na bendi ya watu watano, muziki wa roki waliouchanganya na nyimbo za bibi zao.

Alifunga ndoa tarehe 20 Desemba 1975. Mkewe alikuwa mwalimu mwenye shahada ya jiografia, na baba mkwe hakuficha wasiwasi wake. "Usiku anapiga gitaa, hilo nimeelewa," alisema. "Mchana je?" Alipoelezwa, akashusha pumzi: "Afadhali. Angalau atakuwa anajua kusoma." Walijaliwa watoto watatu, na wote wamesoma.

Mwaka 1983 bendi ilivunjika. Mpiga ngoma na mpiga besi walihamia nchi za nje, kinanda kikauzwa, marehemu akabaki na gitaa kavu, lisilo la umeme. Onyesho lake la kwanza la peke yake lilikuwa katika ukumbi wa maktaba. Watu walikwishakaa, mwimbaji haonekani. Mkewe alimkuta stoo, nyuma ya madawati mabovu, amekumbatia gitaa, shati limelowa jasho.

"Nikitoka peke yangu wataona," alisema.

"Wataona nini?"

"Kwamba sina kitu."

"Tiketi wameshanunua, mume wangu. Twende wakaone."

Alicheka, akatoka. Lakini kicheko hakikufika jukwaani. Taa zilipompiga usoni hakuona mtu hata mmoja. Aliona shimo jeusi linalopumua. Mguu ulimtetemeka mpaka kiti kikalia, na hicho ndicho kinachosikika. Kuanzia siku hiyo mkewe alikaa ukingoni mwa safu ya mbele, na ukimya ulipozidi, alimwambia, "Nipo. Endelea." Fundi mitambo wa sauti, anayejulikana kwa wote kama Masikio, alirekodi maonyesho hayo hadi mwaka 1986, marehemu aliposema basi na kubaki na kazi ya uchapaji. Kanda Masikio alizitunza chini ya kitanda chake mwenyewe. Familia inamshukuru, na inamshukuru mke wa Masikio pia, kwa uvumilivu.

Kisukari kiligunduliwa mwaka 2009, miaka miwili kabla hajastaafu. Mwaka 2023 kilimpofusha, kisha kikaingia kwenye figo. Giza alilolikimbia ukumbini lilimfuata nyumbani mchana kweupe. Mkewe akienda jikoni tu, sauti ilitoka sebuleni: "Upo?" Alijibu, hata akiwa na chakula mdomoni. Albamu ilipotoka, Masikio aliileta, wakaisikiliza pamoja. Wimbo wa kwanza marehemu aliufuata kwa kichwa. Makofi yakaisha. Ukaja ukimya ulio kabla ya wimbo wa pili, naye akaukamata mkono wa kochi kama mtu anayeteleza.

"Zima," alisema. "Bado wananisubiri."

Masikio alizima. Hakuna aliyecheka, na marehemu hakuiomba albamu hiyo tena.

Alifariki Jumanne, tarehe 14 Oktoba 2025, saa nne asubuhi, katika wodi ya wanaume, mkono wake ukiwa mkononi mwa mkewe. Asubuhi ile aliuliza mara nyingi kama mkewe yupo. Alijibiwa kila mara, hata baada ya kuacha kuuliza.

Ameacha mjane, mabinti wawili na mwana mmoja, wajukuu watano, dada yake mkubwa, na mdogo wake anayesoma maneno haya, ambaye ameombwa na shemeji yake asiongeze lake. Ameacha pia Masikio, ambaye si wa damu lakini leo amekaa na familia, na wanaoshangaa washangae kimya kimya.

Imebaki kanda moja. Kabla ya onyesho la mwisho mashine iliachwa ikizunguka, na kipaza sauti kikanasa mazungumzo ya mume na mke katika chumba cha nyuma, marehemu akieleza hasa anachokiogopa. Kampuni iliyotoa albamu inaitaka iwe mwisho wa albamu ya pili, na mjumbe wake yupo hapa kati yetu. Marehemu aliomba isitolewe. Masikio ameikabidhi kwa mjane.

Mungu amlaze mahali pasipo na cha kumtisha.

Kanda haitatoka. Alichokisema humo mkewe anakijua, na hatakisema, si hapa, si nyumbani, wala kwa simu.