Hatua Saba za Mwanahalima

Kwa jina la Mwenyezi Mungu aliyetutoa udongoni na anayeturudisha humo humo, nawasalimu nyote mliokaa mikekani na mliosimama juani. Haya nimeyaandika mimi Kudra, wifi yake marehemu, na anayewasomea ni mwanawe Mudathiri, kwa kuwa koo langu limekauka kwa kulia. Nimemwapisha asiruke mstari hata mmoja, na akiruka nitakohoa kutoka huku kwa wanawake.

Marehemu Mwanahalima binti Mfaume alizaliwa Utete tarehe 12 Juni 1946, akiwa mtoto wa tatu wa mzee Mfaume, fundi cherehani, na Bi Mwamini, ambaye watu wa Utete walimwogopa kwa ulimi, na mtoto wa nyoka, mnajua wenyewe. Aliingia shule ya msingi mwaka 1955 akatoka darasa la nne mwaka 1959, si kwa kushindwa, bali kwa sababu mwalimu alimwambia msichana akijua kusoma barua imetosha, naye akamjibu kwamba kama ni hivyo basi ampe barua ya kumwambia hivyo baba yake, na siku ile ndiyo ikawa mwisho wa masomo.

Tarehe 4 Septemba 1965 aliolewa na kaka yangu Nassibu, akavushwa mto kwa mtumbwi akiwa amejifunika kanga mbili, na mimi ndiye niliyemshika mkono ateremke. Mungu aliwajalia watoto watatu: Azan, aliyezaliwa 1967, Mudathiri huyu, wa 1970, na Hanifa, wa 1975. Mwaka 1969, tulipohamishwa kutoka mabondeni kwenye mafuriko tukaletwa huku vilimani Mtunda, katika kitongoji chetu cha Namatapa, walikuja na Azan mgongoni, na mwaka 1973, tarehe 2 Machi, surua ikamchukua Azan akiwa na miaka sita, akazikwa juu ya kilima, upande wa mashariki.

Kwa kazi marehemu alikuwa mkulima wa mpunga na ufuta na msukaji wa mikeka, na mikeka mliyokalia saa hizi mingi ni mkono wake. Mwaka 1989 soko huria lilipochangamka, kaka yangu Nassibu alikwenda Dar es Salaam kuuza mitumba kwa miezi mitatu, miezi ikawa miaka, na huko Mbagala akapata mke mwingine na koti. Nassibu, nakuona hapo mlangoni umelivaa. Marehemu hakukuapiza, alisema tu kwamba nyumba imepata nafasi ya kuanikia ufuta.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo wengi mnalijua nusu. Mwaka 1993 kila kitu kilikuwa ruksa, na Bwana Husseini, aliyekuwa mwenyekiti wetu wa kitongoji, aliyaruhusu malori kuchimba kifusi cha barabara ubavuni mwa kilima, upande ule ule wa mashariki, chini ya makaburi. Waliondoka mwezi wa kumi na moja wakatuachia mteremko mkali mwekundu, hauna jani, mbuzi mwenyewe anaushuka kwa matako. Masika ya kwanza ukingo ukameguka, na marehemu akapanda juu, akapima kwa miguu yake kutoka kichwani mwa kaburi la Azan hadi kwenye ukingo, akakuta zile hatua kumi na mbili alizozihesabu malori yalipoondoka zimebaki saba. Kesho yake alikwenda kung'oa ukoka shambani kwake, akautia kwenye tenga, akaenda kuupanda.

Hapo ndipo kitongoji kilipopata la kuzungumza, na mimi sitasema uongo mbele ya jeneza, nilikuwa wa kwanza kucheka. Ukoka! Jani ambalo mkulima wa Rufiji analilaani kuliko nguruwe, mtu mzima analibembeleza kwa maji ya kunywa! Mwanamke uwanja wake ukiota majani anaitwa mvivu, sasa huyu anayapanda. Kisimani wakamwita Mama Ukoka, na Bi Tabu, Mungu amrehemu naye, akamuuliza mbele ya watu, "Mwenzetu, jembe lako limekukosea nini hata uolewe na adui yake?" naye akatua ndoo, akajibu, "Adui huyu ukimpiga hahami, nami namtaka asiyehama."

Haikuwa rahisi. Mara ya kwanza mvua iliuzoa wote ikaupeleka bondeni, mara ya pili jua likaikausha mizizi kabla haijashika, na mara ya tatu akajifunza. Alichimba kwanza mfereji juu, wa kuyapeleka maji pembeni, kisha akakata vipandio vyembamba vya kukingama na mteremko, wala si vya kushuka nao, akalaza ukoka na udongo wake, akaupigilia kwa vijiti vya mwanzi, akaufunika kwa mabua ya mpunga, na juu ya mabua akatandaza nyavu kuukuu alizoletewa na wavuvi wa huko chini deltani, ili upepo usimcheke. Chini kabisa akapanda marando ya viazi na kunde, yatambae yakutane na ukoka. Alifanya hayo amefungwa kamba kiunoni, ncha ya pili imezungushwa kwenye mkorosho, na mshika kamba nilikuwa mimi, nimekaa kivulini nampa habari za mji mzima, na habari ikinoga kamba inalegea, ndipo anapiga kelele, "Wifi, niue baada ya kumaliza hiyo ya Husseini!"

Kufikia mwaka 1997 mteremko ulikuwa wa kijani kama shuka. Mwezi wa tisa tukaambiwa kuna mgeni mkubwa wa serikali anakuja, Bwana Husseini akaita msaragambo, kila nyumba na jembe, makaburi yasafishwe. Marehemu alikuwa Kibiti kuuza mikeka. Watu walilima kwa moyo mweupe, nakiri, maana kwetu mahali penye heshima ni mahali palipoparurwa hadi udongo ung'ae, na walipomaliza juu wakashuka mteremkoni, na mimi nilikuwepo na jembe langu, nikatahayari kukaa wakati wenzangu wanainama. Alipofika saa nane, nusu ya mteremko, upande wa kusini, ilikuwa uchi. Hakulia. Alivua kanga moja, akaitandika juu ya ukoka uliobaki, chini ya kaburi la Azan, akajilaza kifudifudi. Bwana Husseini akamwambia, "Mama Mudathiri, ondoka, unatutia aibu mgeni yu njiani," naye akasema bila kuinua uso, "Limeni. Anzeni na mimi, mimi ndio jani refu." Hakuna aliyethubutu. Mgeni mwenyewe hakuja, gari lilipata pancha akarudi.

Mwezi wa kumi na moja ikaja ile mvua ya El Nino, ambayo hakuna hapa asiyeikumbuka. Upande tulioulima ukateremka wote, makaburi kumi na tisa, likiwemo la babake Bwana Husseini, na tukaokota wazee wetu bondeni na kuwazika upya. Upande aliolalia yeye haukupoteza hata tonge la udongo. Tukasubiri aseme. Watu tulijiandaa kwa matusi, maana tulijua Bi Mwamini ndiye mamake, kumbe mvua ilipokatika yeye alikata ukoka kutoka upande wake, akaubeba hadi upande wetu, akamwita Bwana Husseini kwa jina, akampa ncha ya kamba, akamwambia, "Shika. Na wewe huna habari za maana, kwa hiyo hutalegeza."

Marehemu alianza kuumwa presha mwaka 2001, mwezi Februari mwaka huu akapooza mkono wa kulia, akalazwa hospitali wiki tatu, akaomba arudishwe nyumbani, na juzi, Jumatano tarehe 21 Aprili 2004, saa tatu asubuhi, mkono wake wa kushoto ukiwa ndani ya wangu, akaitika wito. Ameacha watoto wawili, wajukuu sita na wifi mmoja asiye na mtu wa kumshikia kamba.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, inawashukuru majirani waliopika na kuteka maji, inawashukuru wasukaji wenzake wa Kibiti, na inamshukuru Bwana Husseini aliyekuja alfajiri na mbao za kaburi bila kuitwa.

Sasa niwaambie ninyi wanaume. Sisi wanawake hatufiki makaburini leo, jeneza likitoka hapa mikono yangu imefika mwisho, na ninajua mna majembe ishirini na kasumba ile ile ya kusafisha. Asubuhi nimesikia vijana wakisema mama wa watu hawezi kuzikwa majanini. Atazikwa majanini. Kaburi lake liko ubavuni mwa Azan, ukoka umekatwa vipande na umefunikwa magunia mabichi kivulini, mkimaliza kumfukia rudisheni kila kipande mahali pake, mkikanyage kwa kisigino, na asiyejua amwulize Husseini. Jembe lisishuke ukingoni. Mudathiri, wewe ukimaliza kusoma hapa, ukifika juu, pima kwa miguu yako kutoka kichwani mwa kakako hadi kwenye ukingo, uje uniambie. Zilikuwa saba mwaka 1994 na zilikuwa saba wiki iliyopita. Nami baada ya matanga kwisha nitapanda mwenyewe kuhesabu, mwaka huu na mwaka ujao, na ikipungua hata nusu ya hatua, nitakuja kulala kifudifudi mlangoni kwa kila aliyeshika jembe leo.

Lala kwa amani, wifi. Kamba nimeishika, silegezi.