Alute Joseph na Kiti Ambacho Hakukikalia

Jumatatu, tarehe 30 Juni 2025, Mzee Alute Joseph anastaafu baada ya miaka thelathini na nne ya kuchunguza maini na figo za panya katika maabara yetu ya utafiti hapa Mandewa. Kiti alichopewa siku ya kwanza bado ni kipya. Karibu miaka yote hiyo hakukikalia.

Ukimtafuta kwenye hadubini, ameshakwenda kuwaangalia panya. Chai anakunywa amesimama, nayo haimalizi. Sisi tulishazoea, ila wageni walidhani anaumwa.

Kutotulia huko alikuja nako, ila kulizidi baada ya kosa moja. Mwaka 2009 tulikuwa tunapima madhara ya sumukuvu, ile sumu ya ukungu wa nafaka. Kundi moja la panya lilikula mashudu yenye ukungu, la pili mahindi safi. Hayo safi Mzee Alute aliyatoa kijijini kwao Iguguno, kwenye kihenge cha nafaka cha mama yake, tena kwa majigambo. Miezi mitatu baadaye, maini ya makundi yote mawili yalikuwa yameharibika: mahindi safi nayo yalikuwa na sumu.

Angeweza kusingizia kisu cha kukatia vipande vya maini au dawa ya kuvitia rangi. Badala yake alifungua daftari jipya, akaliita la makosa, akaandika: "Mahindi ni yangu. Kosa ni langu." Akatia sahihi, akadandia basi la Iguguno na koti la maabara mwilini. Mama yake, Bibi Flora, alimwuliza kwa Kinyiramba tangu lini panya wakawa waonjaji wa chakula cha watu. Walibishana mchana kutwa, mwishowe kihenge kikamwagwa chote. Mwaka ule walikula mtama wa kupewa na majirani. Bibi Flora yu mzima, na bado anamsimanga.

Daftari lile lilifikisha kurasa kumi na moja, zote kwa mwandiko wa Mzee Alute. Sisi wengine, inaonekana, hatukuwahi kukosea. Ndiyo maana miezi hii ya mwisho hakutulia kabisa: je, Sara, anayemrithi, akikosea ataficha kama sisi?

Alhamisi iliyopita Sara alichanganya trei mbili za figo, kazi ya wiki sita. Hakuna aliyemwona. Alilia kidogo, akalichukua daftari, akaandika kosa na jina lake. Mzee Alute alisoma mara mbili, akavuta kiti chake kile, akakaa. Chai akaimaliza.

Asante, Mzee wetu. Tunakutakia maisha mema Iguguno, afya njema na kihenge kikavu. Daftari tuachie, tuna mengi ya kuandika. Kiti nenda nacho.