Leso Haikuniponyoka

Leso haikuniponyoka. Niliishika kwa mkono wa kushoto tangu mwanzo hadi mwisho, na nilimdanganya Mama Filister niliposema imeniponyoka. Sijamwambia mtu yeyote jambo hili tangu Agosti ya mwaka jana, na najua wasifu wa mstaafu hauanzi hivi. Mwenyekiti wa kamati yetu, Mwalimu Githinji, aliniomba ukurasa mmoja tu wa kuweka kwenye programu ya kumuaga, kwa Kiswahili safi, na chini yake muhtasari wa Kiingereza kwa ajili ya wageni. Basi nianze upya, jinsi inavyotakiwa.

Mama Filister Aoko anastaafu Jumamosi hii, tarehe 4 Desemba 1999, baada ya miaka ishirini na mitano kwenye maikrofoni, minane kati yake katika tamasha letu la filamu. Kwa wasiomjua, na sidhani mko wengi kati ya Kibera na Kawangware, yeye ndiye mweleza picha wetu. Filamu zetu hutoka kwa watengenezaji wadogo wadogo wa Kampala, Addis, Kisumu, watu ambao hakuna jumba la sinema linalowataka, nazo huja zikisema lugha za kwao. Mama Filister husimama kando ya kitambaa cha picha akiwaambia watu nani anasema nini, nani anadanganya, na nani angefaa kuangalia nyuma yake.

Alianza mwaka 1974, akiwa mpika chai wa gari la sinema la kampuni moja ya sabuni. Jioni moja hapo Kawangware mtangazaji alipotelea kwenye kilabu cha pombe, watu wamejaa, na dereva akampa maikrofoni huyo mama wa chai. Aliieleza picha vizuri mpaka mwisho, akaisifu sabuni kama ilivyotakiwa, kisha akaongeza kwamba asiye na sabuni asihuzunike, jivu nalo hung'arisha sufuria. Kesho yake aliitwa ofisini. Alitoka na barua mbili, moja ya onyo na nyingine ya kumpa kazi ya mtangazaji.

Tamasha lilipoanza mwaka 1991, wazo la kuupa kila usiku mada yake lilikuwa la kwake. Alisema mtu aliyeshinda mjengoni akibeba mawe haji kuona filamu tatu, huja kuona jambo lake. Ndipo tukapata Usiku wa Reli, pale Kibera, ambapo kila filamu ilikuwa na treni ndani. Katikati ya filamu ya pili treni ya mizigo yenyewe ikapita nyuma yetu, na watu mia tatu wakageuza vichwa. Mama Filister akangoja mabehewa yaishe. "Hiyo ni yetu, mtaiona kesho," akasema. "Rudini kwa hii."

Usiku wa Wapangaji ulifanyika Kawangware, na kamati iliogopa sana. Watazamaji wengi walikuwa wapangaji waliotoka upande wa ziwa, na kwenye viti vya mbele walikaa wenye ploti, yaani wenye nyumba za kupangisha. Filamu ilikuwa ya baba mwenye nyumba anayeng'oa mlango wa mpangaji wake. Mama Filister akamsemea yule mwenye nyumba kwa sauti iliyofanana kabisa na ya Bwana Kihara, ambaye ana ploti tatu na alikuwa amekaa hapo mbele na kofia yake. Watu wakaanza kucheka kwa kujificha. Kihara akasimama.

"Kwani mimi huongea hivyo?"

"La, Baba. Wewe huongea kwa nguvu zaidi, lakini hii maikrofoni ni ya kuazima."

Kihara ndiye aliyekuwa wa mwisho kuacha kucheka. Tangu siku hiyo viti vya tamasha huletwa na yeye.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo hamlijui. Mama Filister haoni. Presha ya macho ilianza kumla kidogo kidogo miaka mingi iliyopita, na kufikia mwaka 1997 kilichokuwa kimebaki ni mwanga na kivuli.

Nililijua siku ya Alhamisi, mwaka huohuo. Alhamisi huwa tunajaribu filamu za wikendi, saa nane mchana, katika ukumbi wa kanisa, blanketi zimetundikwa madirishani. Nilikuwa na miaka kumi na tano, kazi yangu ni kuandika programu. Irungu, fundi wetu wa projekta, alikuwa ameiacha mashine ikizunguka akaenda kutafuta chai. Filamu ilikuwa ya mfugaji mmoja, tuliyowahi kuionyesha miaka minne nyuma, na Mama Filister alikuwa akiieleza polepole kama mtu anayepima nguo ya zamani. Ghafla balbu ikaungua. Sauti iliendelea, lakini picha ilitoweka, na mbele yetu kukabaki mashuka mawili yaliyoshonwa pamoja, basi.

Yeye hakunyamaza. Mfugaji anafunga ng'ombe, alisema. Mke wake yuko mlangoni, amevaa gauni la kijani, haongei, lakini itazameni mikono yake. Ng'ombe anageuza kichwa. Mtoto anapita na ndoo, maji yanamwagika kidogo, hakuna anayemgombeza, na hapo ndipo mnajua kuna msiba.

 Nilitazama mashuka matupu nikamwacha aendelee. 

"Balbu imeungua, sivyo?" akauliza mwishowe, alipogeukia kitambaa akakosa mwanga wake.

"Eeh, Mama."

"Tangu lini?"

"Kabla ya ng'ombe."

Akacheka kidogo. "Na mke amevaa gauni gani?"

"La kijani."

"Basi umeiona."

Ndipo aliponiambia. Mtoto wake Ken anajua, na daktari anajua, na sasa mimi. Nilimuuliza kwa nini asiieleze kamati. "Daisy, wakijua watanihurumia," alisema. "Na mtu wa kuhurumiwa hapewi maikrofoni. Hupewa kiti."

Tangu siku ile nilikuwa macho yake. Mimi ni mtu nisiyeweza kuinua mkono darasani hata nikiwa na jibu, walimu wangu watawathibitishia, kwa hivyo kazi ambayo haikutaka nifungue mdomo ilinifaa. Alhamisi niliitazama filamu, kisha tukitembea kwenda kwake Mashimoni nilimsimulia yote, mtu kwa mtu, nguo kwa nguo. Alishika kila kitu. Usiku wa maonyesho nilisimama nyuma yake nikiwa nimeshika ncha ya leso aliyojifunga kiunoni, na watu walidhani mimi ni mpwa wake tu, mwenye haya. Nikivuta mara moja, picha imebadilika. Mara mbili, kuna mtu ameingia. Nikivuta na kushikilia, nyamaza, kuna jambo. Kwa mwaka mzima hakuna aliyejua, hata Irungu anayeona kila kitu.

Kisha ukaja Usiku wa Picha Bila Sauti, Agosti 1998, kwenye uwanja wa Sarang'ombe. Filamu nyingine zote zilikuwa na sauti ya kumshika mkono. Hii haikuwa nayo. Ilikuwa na kumbukumbu yake na leso, hivyo tu. Ilikuja katika mikebe mitatu: wa kwanza kijana anaposa, wa pili arusi, wa tatu mazishi ya baba yake. Irungu, katika haraka, alipomaliza mkebe wa kwanza akapachika wa tatu.

Nililiona jeneza mara moja. Mama Filister akavuta pumzi, akaanza kwa ile sauti yake ya sherehe: "Haya, bibi arusi ndiye huyo, tazameni anavyobebwa!"

Nilitakiwa kuvuta na kushikilia. Lakini nilijua kitakachofuata. Angenyamaza, angegeuka, angeniuliza kuna nini, maikrofoni ikiwa wazi, na mimi ningelazimika kujibu mbele ya watu mia nne. Leso ilikuwa mkononi mwangu. Niliibana mpaka vidole vikauma, na sikuvuta.

"Mnamwona alivyotulia?" akaendelea. "Bibi arusi mwenye heshima hatazami huku na huku."

 Mazishi kwa watu wetu si kitu cha kuchezea, na nilimwona mama mmoja mbele yangu akifunika mdomo. Kaburi likaanza kujazwa udongo. Na Mama Filister, ambaye hakuna aliyemvuta, akawaambia watu kwamba sasa wanamwagia maharusi mchele.

Ndipo kijana mmoja akapaaza sauti kutoka nyuma: "Mathe! Hiyo ni harusi ya nani? Mbona bwana harusi amelala?"

Nilimwona akisita. Labda hesabu ya moja hadi tatu, si zaidi. Najua katika hesabu hiyo alingoja leso, na leso haikuja. Kisha akainua maikrofoni.

"Wewe umeoa?"

"Bado!"

"Basi utajuaje? Wote hulala hivyo."

Kicheko kilichotoka uwanjani hapo sijawahi kusikia kingine kama hicho. Na yeye, badala ya kukimbia, akaingia ndani yake kabisa. Aliyaeleza mazishi yote kama arusi mpaka mkebe ukaisha, wajane wakawa wasimamizi wa bibi arusi, mchungaji akawa mpishi. Irungu alipopachika arusi, mwenyewe akiwa na jasho, Mama Filister akaigeuza kuwa msiba. Bibi arusi aliposhuka garini na shela yake akalia kwenye maikrofoni, "Uwi, jamani, alikuwa bado mdogo!" Wazee waliokuwa wamekunja nyuso walijifuta machozi. Mwalimu Githinji alidhani ilipangwa. Kila mtu alidhani hivyo. Ndiyo sababu mwaka huu tulikuwa na Usiku wa Kinyume, ambao umeleta watu wengi kuliko usiku wowote tangu tamasha lianze. Wasifu wowote wa Mama Filister lazima uutaje kama fanikio lake kubwa, nami nautaja. Lakini ulizaliwa na woga wangu, na aliyelipia ni yeye.

Tulipokuwa tukienda nyumbani alikuwa ameshika bega langu. Tulipofika kwenye kioski cha maji alisimama.

"Uliona?"

"Niliona."

"Mbona hukuvuta?"

"Leso iliniponyoka, Mama."

"Basi," akasema. Alhamisi iliyofuata alikuja na leso amefunga fundo kubwa kwenye ncha, ili nipate pa kushika. Fundo hilo liko mpaka leo. Kila ninapolishika najua ni uongo wangu nimeushika.

Kwa nini naandika haya sasa? Kwa sababu mimi ndiye ninayepiga chapa programu, na nimeona kilichopangwa kwa Jumamosi. Kamati imepata filamu mpya kutoka Kisumu, isiyo na sauti, ambayo haijafunguliwa bado. Haitajaribiwa Alhamisi. Mama Filister ataitwa mbele ghafla, kwa heshima, aieleze bila matayarisho kama siku zile za gari la sabuni. Mwalimu Githinji, najua uliliwaza kwa upendo, na hukuwa na namna ya kujua. Lakini sitakuwa na la kumsimulia njiani, na leso peke yake haiwezi kumwonyesha mtu filamu nzima. Mwanamke aliyetufanya tuone kwa miaka yote hii atasimama mbele ya Kibera na Kawangware yote akingoja mkono wangu, na mara hii watu wataelewa. Watamletea kiti.

Nikinyamaza tena, itakuwa mara ya pili.

Kwa hivyo naomba jambo moja. Irungu atundike mashuka kama kawaida, ila asiwashe balbu. Mama Filister atueleze ile filamu ya mfugaji kwenye kitambaa kitupu. Mimi niliiona hivyo, saa nane mchana, na katika filamu zote za miaka hii hiyo ndiyo ninayoikumbuka vizuri zaidi. Huo uwe usiku wake wa mwisho wa mada, na jina auchagulie mwenyewe.

Kwa niaba ya kamati, ya Irungu, ya Bwana Kihara na viti vyake, na ya wote waliowahi kukaa chini kwenye vumbi wakimsikiliza, tunamshukuru. Anahamia kwa Ken, ambapo anasema atapanda mboga na kuwaeleza wajukuu redio inasema nini hasa. Mama, siku zako za mbele ziwe na watu wa kukuvutia leso kwa wakati.

Naandika haya katika chumba cha kamati, nyuma ya kanisa, na sasa hivi nasikia nyayo zinakuja. Nimeufunika ukurasa kwa daftari, kama nilivyofanya kila mlango ulipolia tangu asubuhi. Lakini kabla ya nyayo kuna sauti nyingine, mkono unaopapasa ukuta wa mabati taratibu, ukitafuta mlango. Mwalimu Githinji hatembei hivyo.

Nimecheka peke yangu. Namfichia ukurasa mtu asiyeweza kuusoma.

Nimeliondoa daftari. Jambo la macho yake ni lake, si langu, na halitachapwa bila yeye. Nitamsomea yote, kwa sauti, kuanzia neno la kwanza, na ikiwa karatasi hii imekufikia mkononi, basi alisema ndiyo.

Karibu, Mama. Kiti kiko kushoto kwako. Naanza na leso.