Mamba wa Mkono wa Kushoto

Wenzangu tulioangushwa na kiharusi, ahsanteni kunipa nafasi. Mkisikia neno linateleza nivumilieni, ulimi wangu bado unajifunza.

Nikiwa kijana nilifanya kazi Uingereza, nikichora majalada ya gemu za kompyuta za nyumbani, zile za mwanzo zilizouzwa kwenye kanda za kaseti. Kwenye skrini joka lilikuwa vijisanduku sita vya kijani. Kwenye jalada langu lilitema moto. Mtu alinunua picha yangu, akaenda kucheza na vijisanduku. Ndugu zangu, niliwacheka waliotengeneza zile gemu. Kweli, niliwacheka.

Nikarudi nyumbani Kibiti, nikaendelea kuchora, hadi asubuhi moja mkono wa kulia ulipokataa kushika kikombe. Miezi ikapita sichori. Mke wangu akaniambia nijaribu wa kushoto. Nikakataa. Nanyi mmelelewa kama mimi: tulichapwa tukiunyoosha mkono ule kwenye sahani. Niliona heri niache kabisa kuliko kuchora kwa mkono wa chooni.

"Sijakwambia ule nao wali," akasema huku akipepeta ufuta. "Nimekwambia uchore. Haya, nataka mamba wa kule deltani Salale, ndani ya mikoko. Kabla ya adhuhuri."

Ndivyo nilivyokuwa nikiagizwa majalada kule Uingereza: maneno machache kwenye simu, na muda mfupi. Nilikuwa nimemsimulia mara moja tu, naye hakusahau.

Nikachovya brashi. Mstari haukuja. Mkono uliweza kubandika doa, kisha doa jingine. Akaja akatazama.

"Huyu mamba au mhogo?"

"Mamba."

"Basi mpe jicho."

Nikaweka doa moja jeupe, na mamba akaniangalia. Nikalia. Nikawakumbuka wale vijana niliowacheka. Walikuwa na nukta chache tu, wakajenga nazo joka, ngome, na mbingu yenye nyota. Hawakungoja wapewe zaidi. Ni mafundi wakubwa wale, na nimechelewa miaka mingi kulisema.

Namshukuru Mungu, na muuguzi aliyeninyoosha vidole bila kuchoka, na mke wangu, amekaa pale nyuma anajifanya hasikii. Nawaambia, mkono uliobaki hauna aibu. Nimekuja na karatasi na rangi. Tukimaliza dua sogeeni hapa mezani, kila mtu na mkono wake.