Bi Povu, Dobi Aliyeyajua Maji

Sogeeni karibu na redio, wasikilizaji wapendwa. Uliye jikoni, punguza moto kidogo, chakula hakitakimbia. Leo tunamkumbuka mwanamke ambaye wengi wenu hamkuwahi kumwona. Lakini kama umewahi kulazwa katika hospitali yetu kuu, basi ulilalia kazi ya mikono yake. Tunamkumbuka Bi Povu, dobi wa hospitali. Alifariki mwezi uliopita akiwa na miaka hamsini na saba. Narudia kwa mliofungua redio sasa hivi: Bi Povu, dobi wa hospitali, hatunaye tena.

Jina hilo alilipata siku ya kwanza kazini. Alimimina sabuni kopo zima kwenye mashine. Mashine ikafura, povu likatoka mlangoni, likajaa korido, likamkuta daktari mkuu na viatu vyake vipya. Wee! Jengo zima lilicheka, na mwenyewe alicheka kuliko wote. Kwani alijua nini kuhusu kufua kwa mashine? Yeye alikuwa fundi cherehani. Aliajiriwa kushona mashuka ghorofa ya kwanza, kwenye chumba chenye madirisha mawili makubwa. Ila dobi wa zamani alikuwa ameacha kazi ghafla, na msimamizi wa hospitali akamwambia, "Dada, nishikie huko chini miezi mitatu tu. Nikipata mtu, unapanda juu."

Miezi mitatu, wasikilizaji. Bi Povu alikaa huko chini miaka ishirini na miwili.

Chumba cha kufulia kiko chini kabisa ya jengo. Hakina dirisha. Kina tundu la hewa lenye nondo, usawa wa barabara, na ukichungulia hapo huoni uso wa mtu, unaona miguu inapita. Kuna mvuke, kuna joto, kuna mashine tatu zinazonguruma kutwa, ukitaka kusema neno lazima upige kelele. Mtasema, si angeacha? Aende wapi? Mumewe alikuwa amefariki, ana watoto watatu, na nyumba waliyoishi ilikuwa ya wafanyakazi wa hospitali. Ukiacha kazi, unaacha na nyumba. Alibanwa kotekote, na alilijua hilo.

Binti yake mkubwa, ambaye sasa ni mwalimu, alituambia hivi: "Mama akirudi kazini alikuwa haingii ndani. Anakaa barazani, hata mvua ikinyesha. Tukimwita anasema, 'Niacheni kwanza wanangu, leo nimekaa ndani vya kutosha.'"

Mwaka wake wa pili, hospitali ikachimba kisima. Maji yakaja mengi, safi, yanang'aa. Lakini mashuka yakaanza kubadilika. Yakawa ya manjano, kisha yakawa kama yamemwagiwa chai. Tena yakawa yanachanika ovyo, unakunja shuka, kidole kinapita. Msimamizi akashuka, mikono kiunoni. "Bi Povu, unafanya kazi kivivu. Ongeza dawa ya kung'arishia." Akaongeza, mashuka yakazidi kuwa ya manjano. Akaambiwa aongeze tena. Yakazidi tena! Mwishowe msimamizi akatamka mbele ya watu: mashuka yakirudi kuwa meupe, unapanda juu kushona. Yasiporudi, utafute kazi kwingine.

Basi, asubuhi moja Bi Povu akakuta beseni alilolisahau kando ya mashine. Jana yake lilikuwa na maji ya kisima, safi kabisa. Sasa maji yana rangi, na chini yamejikusanya mashapo mekundu kama vumbi la tofali. Akamwita mpiga pasi, mwenzake wa miaka yote. "Njoo uone, mwenzangu. Haya maji yalikuwa yananificha kitu." Akamtafuta fundi bomba, akamuuliza maswali mpaka yule mzee akachoka.

Jumatatu akapanda ngazi hadi ofisini. Mkono mmoja bilauri ya maji ya kisima, mkono wa pili kizibo kilichojaa dawa ya kung'arishia.

"Bosi, haya maji ni safi?"

"Safi. Nayanywa kila siku."

Akamimina dawa ndani. Maji yakageuka rangi ya chai palepale.

"Maji yana chuma," Bi Povu akasema. "Kimeyeyuka, ndiyo maana hukioni. Dawa ikikigusa kinageuka kutu, na kutu inang'ang'ania kwenye shuka na kuliozesha. Mnaniambia niongeze dawa. Kumbe miezi yote hii tunapaka kutu!"

Kuanzia hapo akayachunga maji kama mtoto mchanga. Alitoboa pipa matundu mengi, maji yakawa yanadondoka kama manyunyu na kupata hewa, ili kutu ijitokeze kabla ya kufika kwenye nguo. Akayaacha yatulie kwenye tangi siku nzima. Akayachuja kwa mchanga. Dawa haikugusa nguo mpaka maji yapite kipimo cha bilauri. Na maji ya kusuuzia mara ya mwisho akayatia unga kidogo wa asidi ya limau, kuondoa kutu iliyobaki. Baada ya wiki sita, mashuka yalikuwa meupe pe!

Akavaa gauni lake zuri, akaenda ofisini kudai chumba chenye madirisha. Msimamizi akamshika mkono kwa furaha. "Hongera sana, Bi Povu! Lakini nikikupandisha, nani atayachunga maji? Hakuna mwingine anayeyajua. Bila wewe tumekwisha."

Akasifiwa, akarudishwa chini. Mimi hapo, wasikilizaji, naomba mnisamehe, hasira zinanipanda. Mpiga pasi alisema, "Asante ya punda ni mateke." Bi Povu akacheka, akamjibu, "Ningekuwa mjinga kidogo tu, ningekuwa juu zamani."

Kila mwaka aliandika barua ya kuomba kupanda. Kila mwaka alipigwa danadana. Wasimamizi walibadilika, jibu halikubadilika: hakuna mwingine anayeyajua maji. Kikohozi kikaanza. Binti yake alimsihi aombe apewe watu awafundishe. Aliomba. Akaambiwa kazi ile ni ngumu, itachukua miaka mtu kuielewa.

Mwezi uliopita alilazwa, wodi ya wanawake. Hospitali ikalazimika kuwashusha watu wawili, na mpiga pasi ndiye aliyewaelekeza. Sikilizeni maneno yake, nayasoma kama alivyoyasema.

"Nilipanda wodini kumpa habari njema. Nikamwambia, 'Dada, tulia upone, wale wawili wameshaijua kazi, mashuka ni meupe.' Nilidhani atafurahi. Akaniuliza, 'Imewachukua siku ngapi?' Nikamwambia siku nne. Akasema, 'Nne.' Akageukia ukutani."

Alifariki siku ya tatu yake, asubuhi, binti yake akiwa amemshika mkono.

Kwa watoto wake watatu, kwa mpiga pasi, na kwa wote waliofanya naye kazi, tunasema poleni sana. Mungu amlaze mahali pema. Nanyi wasikilizaji wapendwa, mlio na watu chini yenu, leo nawaomba jambo moja. Kama kuna mtu umemwambia asubiri kwa sababu bila yeye mambo yataharibika, usilale kabla hujamwita. Mpe watu wawili awafundishe. Anzeni kuhesabu siku yeye akiwa bado mzima.