Chai Nyeupe na Vidonge vya Mama Yenu

Sogeeni wanangu, na wewe wa dukani zima hiyo simu, wateja watangoja, mimi sitangoja. Niongezeeni mto mgongoni. Haya. Msinikatize, maana pumzi yenyewe ni hii mnayoisikia, na sitaki kuimaliza kwa kujibu maswali.

Duka na chumba cha nyuma chenye trei za kukaushia ni vyenu wawili, sawa kwa sawa. Mwambieni mkulima wetu aendelee kuchuma chipukizi ambalo halijafunguka, likiwa bado na manyoya yake meupe; nanyi mlinyaushe siku mbili, mlikaushe, basi, msilisokote wala kulikaanga. Hiyo ndiyo chai nyeupe, na mpaka leo naipenda. Ni laini tumboni, haikwaruzi koo, na anayeinywa bila sukari badala ya soda amejifanyia hisani. Hayo waambieni watu. Lakini vile vikaratasi nilivyobandika kwenye makopo, kwamba inashusha presha, inalinda moyo, inarudisha ujana, vibandueni vyote kabla hamjafungua duka tena. Mzee mzima kajitangazia ujana, halafu tazameni nilivyolala hapa. Chekeni tu, mimi nimeshindwa.

Sasa nisikilize wewe, kifungua mimba wangu, uliyesimama mlangoni kama mgeni. Kaa, mama.

Mama yenu ndiye aliyekuwa muonjaji wetu. Mimi nilikuwa na mdomo wa kuuza, yeye alikuwa na ulimi. Alikuwa akivuta chai kijikoni kwa ule mlio uliowachekesha, anaizungusha mdomoni, anaitema kwenye ndoo, anasema trei hii imekaa sana, ile imepata unyevu, na sikumbuki siku aliyokosea. Daktari alipompa vidonge vya presha, ulihama kwako ukaja kukaa naye, ukawa unampa mwenyewe kila asubuhi. Baada ya wiki mbili akaniambia vinamwachia ladha ya chuma mdomoni, kila chai anaiona kama maji yaliyolowekwa misumari. Na tulikuwa katikati ya msimu, yule mnunuzi wa hoteli anataka chai iliyochaguliwa na mama yenu, si na mwingine. Nilipaswa kumrudisha kwa daktari abadilishiwe dawa. Ni siku moja tu, wanangu, pamoja na foleni yake. Badala yake nikamwambia, "Viache kwanza tumalize msimu, chai nyeupe itakutosha." Nilikuwa nimeyabandika maneno yale miaka mingi mpaka nikayaamini mwenyewe, na yeye akaniamini mimi. Akawa anapokea kidonge kwako, anakificha chini ya ulimi, ukigeuka anakitema kwenye ndoo ya kuonjea. Njia hiyo nilimfundisha mimi, ili usituletee maneno.

Mwezi wa pili tangu aviache, kiharusi kikamwangusha pale pale mezani, kijiko mkononi. Hospitali wakasema dawa hazikuwa zikinywewa. Ndipo msibani shangazi yenu akasimama mbele za watu akasema mama wa watu amekufa mikononi mwa binti aliyeshindwa hata kumpa kidonge. Nikainamisha kichwa, wote wakadhani nalia. Nilikuwa nalia kweli, lakini mdomo wa kusema nilikuwa nao. Ukafunga virago vyako, na kwa miaka kumi na mmoja hukulala tena nyumba hii. Siku moja ukaniuliza kwa sauti ndogo, "Baba, kuna siku nilisahau?" Nami nikakujibu yameshapita. Ee Mungu wangu. Hukusahau, mwanangu, hata siku moja. Muuaji, kama yupo, ni mimi.

Shangazi yenu yuko sebuleni, mwiteni aingie.

Dada, ni wewe? Sogea, macho yananichezea. Mtoto huyu hakuwa na kosa. Mke wangu nilimwachisha dawa mimi, kwa ajili ya chai. Ulimsema mbele za watu, basi wale waliobaki hai wafuate mmoja mmoja, uwaambie nilivyokuambia. Usilie sasa, nipe neno lako kwanza... Ahsante.

Nipeni maji. Kidogo, inatosha.

Mungu awape afya, wanangu, awape na watu wa kuwaambia ukweli mapema. Wewe, mwanangu wa kiume, mtii dada yako. Nikifa... kule kwa mama yenu kuna nafasi pembeni yake. Niliishikilia mwenyewe. Msinilaze pale mpaka dada yako aseme ndiyo. Akisema hapana, tafuteni kwingine, wala mtu asimbembeleze.

Usinijibu sasa, mama. Utanionea huruma... utasema ndiyo. Nisubiri niondoke... ndipo useme.