Nilivyompikia Mama Mkwe

Mwangaluka, wajane na wagane wenzangu. Mmenisimamisha wenyewe, basi mnivumilie. Shule niliishia darasa la tatu, maneno ya kupamba sina. Nina ng'ombe, nina nyumba ya bati, nina mashamba ya pamba huku Nkololo, na vyote nilivitafuta kwa jembe langu. Hakuna aliyenirithisha hata kuku. Nasema hivyo ili mjue kwamba aliyeanguka hakuwa mtu mlegevu.

Mke wangu alifariki pamba ikiwa inapasuka. Aliugua kidogo tu, akaenda. Tulimzika hapo hapo nyumbani, upande wa zizi. Watu walijaa, wakala, wakalia, matanga yakaisha, kila mtu akarudi kwake. Wanangu wa kiume wako machimboni. Wa kike wameolewa, mmoja Bukundi, mwingine Nyalikungu. Nikabaki mimi na mama mkwe.

Wazee mmeshaanza kutikisa vichwa, mnajua ninakokwenda. Lakini naona na vijana wa mjini hapa, niwaeleze. Kwetu mtu na mama mkwe wake hawaonani uso. Ukimwona njiani unaingia porini akupite. Mkilazimika kusemezana, yeye anatazama huko, wewe unatazama huku. Sasa mke wangu alikuwa mtoto wake wa pekee, na nyumba ya mama ilipoanguka kwa mvua nilimjengea kwangu. Watu walisema sana, nikawaacha waseme. Nikapanda ua wa minyaa katikati, kwake kule, kwangu huku. Aliyekuwa akipita kwenye mwanya wa ule ua na sahani ya chakula ni mke wangu peke yake. Alipokufa, hakuna wa kupita.

Binti zangu walitaka kumchukua bibi yao. Akakataa, akasema haondoki alipolala mwanawe. Nikaleta msichana wa kazi, akapata mchumba, akaenda zake. Nikawa naagiza chakula Bariadi, kuku wa kukaanga na chipsi, bodaboda analeta. Naweka kwenye mwanya, nakohoa ili ajue, naondoka. Nikirudi nakuta nzi. Nikachinja mbuzi, nikachemsha nyama kama tunavyochemsha wanaume tukiwa machungani. Hakugusa. Meno hana, ni kweli, lakini hata angekuwa nayo asingekula. Yule mama alikuwa amekata shauri la kumfuata mwanawe.

Na mimi nilikuwa nyuma yake. Ndugu zangu, nawaambia mambo ambayo wanaume hatuyasemi. Jiko la nyumba yangu lilikuwa limepoa mpaka panya wamehama. Nilikuwa nashinda na maziwa ya mgando, nalala mchana, naamka nimechoka. Ng'ombe niliwaona kama mawe. Jirani yangu mmoja, yupo hapa, simtaji, alikuja akaniambia, "Ngosha, suruali yako inavaliwa na nani siku hizi?" Sikucheka. Nilimwomba aichukue dawa ya kuulia wadudu wa pamba iliyobaki stoo, akaiweke kwake. Alinitazama, akaichukua, hakuniuliza kwa nini.

Nyuma ya jiko marehemu aliacha kibustani: kunde, mchicha, mlenda, nyanya zile ndogo, na mchaichai na mrehani pembeni. Alikuwa akikimwagia maji aliyooshea vyombo. Kilianza kunyauka, na kila nikikipita kinanichoma. Asubuhi moja nikaamua kufungulia ndama wakile kiishe, nisikione tena. Nimeshika kamba ya ndama wa kwanza, nikasikia sauti nyuma ya minyaa. Sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu msibani.

"Hizo kunde ni za mwanangu. Zipikwe."

Nikageukia zizi, kama adabu inavyotaka. Nikamuuliza, "Atazipika nani, mayu?" Mayu kwetu ni mama.

"Mimi miguu haifiki jikoni. Wewe miguu unayo."

Basi nikaingia jikoni. Mwanaume wa umri wangu, mtu aliyekuwa akiletewa ugali kwenye moto wa wanaume uani, naingia jikoni natafuta chumvi ilipo. Nilijaza sufuria maji, nikatumbukiza majani na vijiti vyake, nikachochea kuni kama napika pombe ya mtama. Ilitoka kitu cheusi. Nikapeleka, nikakohoa. Halafu yule mama akasema, "Mboga hii umeiua. Nani amekufundisha?"

"Hakuna, mayu."

"Inaonekana."

Lakini sahani ilirudi imepungua upande mmoja.

Tangu siku hiyo akawa ananielekeza kupitia ua. Nitawaambia alivyosema, hasa nyie wagane mnaokula mikate mikavu madukani. Kunde, alisema, uchume majani ya juu, machanga, kabla jua halijayachoma. Osha ndiyo ukate, usikate ndiyo uoshe. Kitunguu na nyanya vitangulie kwenye mafuta kidogo. Nyanya ikilainika tia majani, usifunike. Karanga zilizotwangwa zikoroge na maji ya vuguvugu, mimina juu, koroga, acha zichemke mpaka zinukie. Epua. Mlenda ndiyo mwepesi kabisa: maji yachemke na magadi kiasi cha kushikwa na vidole viwili, tia majani na nyanya moja, piga kwa mwiko mpaka uvute. Chai ya mchaichai usikate kwa kisu, pondaponda kwa mkono, na mrehani uweke mwisho chai ikishaepuliwa, la sivyo unakunywa maji matupu. Hayo yote mtu anamaliza kabla kuni hazijageuka makaa.

Wanaume walinicheka. Nikipita kilabuni wananiuliza nitanunuliwa kanga ya rangi gani. Nilikuwa nikiwajibu vibaya, wengine mpo hapa, sitaomba msamaha.

Msidhani nilipona. Nilikuwa nikipika huku nalia, naomba moshi uwe mwingi. Kila nilipochuma kitu mle bustanini nilikuwa namwibia marehemu. Na mama mkwe alikuwa akila kidogo, leo anakula, kesho anarudisha. Mvua zikakata, visima vikashuka, nikawa nabeba maji kwa baiskeli kumwagilia kunde huku nikijiuliza ni za nini.

Ndipo siku moja nikapeleka mlenda, nikakohoa, asijibu. Nikakohoa tena. Nikaita. Nikasikia kitu kama mtu anavuta pumzi kwenye mkeka. Nilisimama kwenye ule mwanya. Nyumba ile niliijenga mimi na tangu ahamie sijawahi kukanyaga mlango wake. Nikawaza nimkimbilie mama fulani wa jirani. Wote walikuwa shambani. Nikaingia.

Nilivua koti nikajifunika kichwa. Nikaketi nimempa mgongo, nikachota mlenda na kijiko, nikapeleka mkono nyuma. Nikachota tena, nikapeleka tena. Sijui unafika wapi. Mwisho akasema kwa sauti ndogo sana:

"Mkwe, unalisha sikio langu. Geuka."

Nikamwambia mila haituruhusu.

"Waliotuzuia," akasema, "wako wapi na kijiko? Geuka, ng'wanawane."

Ng'wanawane ni mwanangu. Nikatoa koti. Nikageuka. Ndugu zangu, sikuwa tayari. Uso ule ulikuwa wa mke wangu. Pua ile, kipaji kile, na shavu lina mlenda mpaka kwenye sikio. Ulikuwa uso ambao mke wangu angefika kuwa nao kama angeachiwa azeeke. Nililia kwa sauti, mimi mtu mzima. Yule mama hakunibembeleza. Alisubiri nimalize, akafungua mdomo. Nikamlisha mpaka bakuli likaisha, halafu akaniamuru nikale na mimi. Kesho yake nilimbeba hadi zahanati, nikiwa nimemtazama.

Sasa nishukuru. Namshukuru aliyenitunzia ile dawa na mpaka leo hajairudisha. Nawashukuru akina mama wa kikundi hiki mlioniletea mbegu za giligilani na kunifundisha kuikatia juu ya mchuzi mwishoni. Wazee walionitoza faini kwa kuvunja mwiko nimewalipa mbuzi, hatudaiani.

Sisemi nimepona. Usiku bado ni mrefu, na zipo siku nachuma kunde nimepiga magoti kwa sababu kusimama siwezi. Ila naiambia hivi kila familia: mwingizeni mtoto wa kiume jikoni angali mdogo. Na wewe mzee mwenzangu ambaye mkeo yu hai, leo ukifika nyumbani muulize anaanza kutia nini.

Mniruhusu niondoke kabla ya sala ya kufunga. Majani niliyochuma asubuhi hayalali, na kuna mtu nyumbani hajala.